Profesere wa Redio na Njia ya Minembwe

Waridi alimtambua kwa sauti tu. Boti lilikuwa limekwisha kupita Makobola, na yule bwana mwenye miwani alikuwa anamweleza jirani yake habari za mkataba wa amani uliosainiwa ng'ambo.

"Ni weye Profesere Raphaël wa redio?"

"Ni mimi, mama." Akatabasamu, bado alidhani anasifiwa.

"Juma iliyopita ulisema mukataba ukisainiwa, njia ya Minembwe yenye vita ilifunga inafunguka. Bwana yangu Useni alikusikia, akabeba samaki ndakala, akapanda kule mulimani kuuzisha. Leo siku ya tano, simu yake haipite."

Abiria wakageuka kumtazama profesere.

"Mama, mi nilichambua siasa. Nilisema dalili ziko muzuri."

"Dalili! Siye tunaulizaka habari ya njia kwa motari wa pikipiki mwenye ameshuka asubuhi ile ile. Safari hii Useni hakuuliza, eti profesere anajua kupita bamotari. Weye ulifika kule lini?"

"Tunasoma ripoti, mama. Na wakubwa wa zile inchi tatu zenye zilisaini..."

"Nimeuliza lini."

Profesere akavua miwani, akaipangusa muda mrefu, ingawa haikuwa na tone la maji.

Boti likagusa mchanga wa Baraka. Profesere akashuka wa kwanza, suruali imekunjwa, akaiendea pikipiki iliyokuwa inamngoja kumpeleka Fizi, kwenye njia ya Minembwe. Kabla ya kupanda akamshika motari bega, akauliza kwa sauti ndogo, isiyo ile ya redio: "Umeshuka leo? Kule juu kuko namna gani?"

Waridi akasogea karibu, ndala mkononi, naye asikie jibu.