Stadi Kumi na Sita za Mama Mkunga

Benchi la Gladys, muuza kahawa, lipo Kiboriloni, hatua chache kutoka barabara ya Himo. Lina miguu mitatu ya mti na mmoja wa tofali, na wanaolikalia asubuhi wanajua kila kitu isipokuwa kazi. Jumamosi hiyo Kibo, kilele cha mlima, ilikuwa imejitokeza yote, lakini hakuna aliyeigeuzia shingo, maana mbele ya benchi ilisimama Voksi ya bluu ya mwaka sabini na mbili, ile ya mgongo wa kobe, mali ya Mama Mkunga wa Kirua, aliyoachiwa na marehemu mumewe, mchungaji. Eliudi alikuwa amezing'oa boliti zote za tairi na kuweka stadi, vyuma vya nyuzi vinavyochomoza kwenye dramu ya gurudumu, na nati zake. Benchi lilimbatiza Digrii siku aliyorudi na shahada yake ya uhandisi mitambo na kukosa pa kuipeleka. Miaka minne ya maombi, barua kumi na tisa za kumkataa, "we regret to inform you", na hii ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa mkononi. Sasa Mzee Sifael, fundi wa Voksi kwa miaka arobaini, ambaye kijiwe kizima kinamwita Mjerumani, alikuwa amempigia simu mwenye gari: shuka uone, kijana kakuharibia. Saa nne mama angeshuka kuamua. Akisema boliti zirudi, hakuna gari lingine Kiboriloni ambalo lingemfikia Digrii.

— Boliti aliziweka aliyeliunda gari, kule Ujerumani, alisema Sifael. Wewe umemzidi nini?

— Sijamzidi, meku, mzee wangu. Boliti unaipitisha kwenye ringi ukitafuta tundu la dramu huku tairi umeibeba. Stadi inakaa kwenye dramu muda wote, imechomoza. Unatundika tairi, unafunga nati, finish.

— Finish! Sikia hilo neno. Gari la marehemu mchungaji, finish!

Wenseslaus, anayeitwa Kamati kwa kuwa hakuna harusi wala msiba usiomwona mezani, alisogeza kikombe.

— Mimi wasiwasi wangu ni upepo. Vyuma vimechomoza pale. Gari likishika kasi litapiga filimbi. Njia nzima watu watadhani ni trafiki.

— Voksi hii na kasi wapi na wapi, Kamati?

— Kwenye mteremko, Digrii. Mteremko hauna adabu.

Gladys alimimina kahawa bila kuangalia, kama kawaida yake.

— Nyie mnasahau mlima. Mlima huu una sumaku. Shemeji yangu alikuwa anabeba mizigo ya wazungu, anasema dira zao zinachanganyikiwa huko juu. Chuma kilichochomoza kinavutwa. Mama akiegesha Kirua jioni, asubuhi gari atalikuta Marangu.

— Dada Gladys, please. Hiyo ni physics ya wapi?

— Ya kwangu. Yako imekupa kazi?

Benchi likacheka mpaka tofali likatikisika. Eliudi alicheka pia, kwa meno tu. Ndani ya mfuko wa shati lake kulikuwa na kipande cha bati la kopo la soda, kimekunjwa mara mbili. Alikikuta kwenye tairi la nyuma kushoto, kimesokotwa kwenye boliti ili ishike, kwa sababu nyuzi za tundu zilikuwa zimeisha kabisa. Mtu aliyekuwa akikaza boliti hizo kwa kurefusha spana kwa bomba kisha kulipanda kwa miguu yote miwili alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa pale, anapuliza kahawa. Eliudi aliizunguka Himo siku mbili kutafuta dramu nyingine. Angekitoa hicho kipande sasa hivi, mjadala ungekwisha. Kidole chake kiligusa mfuko, kikarudi.

— Nawaambieni siri, aliendelea Kamati. Mjerumani yule wa ukoloni alipofukuzwa hapa alijua Mwingereza anakuja. Akaweka boliti makusudi, ili Mwingereza tairi likipasuka ashindwe kulifunga.

— Kamati! Mjerumani aliondoka vita ya kwanza. Gari limezaliwa sabini na mbili, alisema Eliudi.

— Alipanga mapema.

Kabla hawajamaliza kucheka, Mama Mkunga alishuka kwenye bodaboda, kitenge kimekazwa, mkoba wa kazi begani. Amestaafu miaka minane, na bado migomba yote ya Kirua inajua akipita nani anajifungua.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, Eliudi. Sifael, umesema limeharibiwa wapi?

Sifael alinyoosha kidole kwenye nati. Mama aliinama, akazitazama moja moja kama anayehesabu vidole vya mtoto.

— Legeza tairi hili, lipandishe jeki. Halafu usiniguse.

Eliudi alifanya hivyo. Mama alitoa nati nne mwenyewe, akalivuta tairi, akaliweka chini. Akapumua. Akaliinua kwa goti, akalisukuma juu ya stadi, na tairi likakaa. Kisha aliachia mikono yote miwili na kuiinua juu, mitupu. Tairi likabaki limening'inia, linamsubiri.

Mama alifunga nati bila haraka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akageukia benchi.

— Masika ya juzi tairi lilipasuka pale chini ya kanisa. Nilipiga magoti kwenye tope, tairi mapajani, natafuta tundu kwa kidole, na mzazi ananisubiri. Saa nzima. Boliti hizo mnazozililia, nani kati yenu alikuwa ananishikia tairi?

Kamati alitazama kikombe. Sifael alitazama mlima, ambao asubuhi yote hakuwa ameutazama. Gladys aliinamisha birika, likatoa tone moja, basi.

— Kahawa imeisha, alisema.

Mama aliingia garini, akashusha kioo.

— Eliudi, Jumatatu njoo Kirua. Mwalimu Beatrice ana Voksi kama hii, nimemwambia nina fundi.

Fundi. Hakusema Digrii. Voksi ilikohoa, ikapanda, haikupiga filimbi yoyote.

Sifael alisubiri wengine watawanyike. Akasema kwa sauti ya chini:

— Ile boliti ya nyuma kushoto. Ulipoifungua, ulikuta nini?

Eliudi alimtazama yule mzee, mikono yake myeusi ya grisi ya miaka arobaini; spana ya kwanza ambayo Eliudi aliwahi kuishika ilitoka kwenye mikono hiyo.

— Kutu, meku. Kutu tu.

Sifael aliitikia kwa kichwa taratibu, akasogea, akampisha nafasi upande wa benchi wenye miguu ya mti, usiotikisika.