Supu Nyeusi ya Mwende

Bwana asifiwe, watu wa Kivaa! Asifiwe tena! Mama uliye karibu na mlango, keti kidogo, ushuhuda huu ni wako pia.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye wa muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mahindi nilikuwa nayatwanga kwenye kinu mpaka ganda lote litoke, yawe meupe kama meno ya mtoto. Maharagwe yakitoa maji meusi, namwaga. Mgeni ale chakula cheusi kwangu? Ningeona aibu.

Kisha sukari ikanipata. Dawa nilimeza, lakini kila nikila na kujipima, mashine inapanda. Macho yakaingia ukungu. Mimi, msusi wa viondo, nikawa natafuta uzi kwa kupapasa. Daktari akaniambia tukiendelea hivyo macho yataenda. Ndugu zangu, nililia.

Sasa, mke wa mwanangu, Mwende, hapendi kinu. Yeye hupika mahindi mekundu na ganda lake, maharagwe meusi ya njahi, na supu yake anaiacha humo humo. Nilimwita mvivu mbele ya kina mama wote. Siku moja bega likaniuma, sikuweza kutwanga, nikala cha Mwende huku nikinung'unika. Kujipima baadaye, namba haikupanda, nikajua mashine imekufa.

"Mwende! Umeangusha hii kitu yangu?"

"Hapana, mami. Kula hivyo tena kesho, halafu ujipime."

Nikala, nikapima, sukari ikawa imetulia. Haleluya!

Daktari akanieleza kwamba ile rangi nyeusi na nyekundu ya ganda hufanya wanga usigeuke sukari mbio mbio tumboni, na ganda lenyewe husaidia. Akaniuliza, "Kwani mama, maganda ulikuwa unapeleka wapi?" Kwa kuku, ndugu zangu! Na kuku wangu walinawiri kweli kweli.

Dawa bado nameza, na wewe usitupe zako. Lakini mtegemee Mungu, kwa maana alikuwa ameweka msaada ndani ya sufuria nami nikaumwaga. Ukifika nyumbani leo, usimwage supu.

Ukungu umepungua. Kiondo hiki nimekisuka mimi, mistari myeusi na myekundu nimeichagua kwa macho haya. Mwende, mwanangu, simama. Nilikuita mvivu mbele ya watu hawa, basi mbele yao njoo uchukue kiondo chako. Ni muvea, asante.