Mabuti ya Mama wa Mipango

Chapa, chapa, chapa. Ndiyo sauti iliyonipokea asubuhi yangu ya kwanza katika halmashauri hii, na mpaka leo haijanitoka. Ilikuwa ya mabuti ya mpira yakikanyaga korido iliyojaa maji ya bahari. Ndani ya mabuti alikuwemo afisa mipango wetu, ambaye sote tunamwita Mama Mabuti. Tarehe 30 Juni anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Aliajiriwa kuchora ramani. Ramani yake ya kwanza ina uwanja wa mpira ambao siku hizi wanaochezea ni kaa. Alipopandishwa cheo alipewa chumba cha ghorofa ya chini, na kwa kuwa bahari nayo ilikuwa inapanda, wakakutana humo.

Tangu hapo alitaka jambo moja kabla hajastaafu: ufadhili wa kuandaa mpango wa kuukinga mji na mafuriko ya bahari. Hakuwa anatafuta sifa. Anakaa mtaa wa chini, ambako vitanda vimeinuliwa kwa matofali, na kila bahari ikijaa wajukuu wake huamka wakaenda kutafuta ndala zao kwa jirani.

Tatizo lilikuwa sisi. Wafadhili wakitangaza tu kwamba wanakuja kukagua, halmashauri nzima hushika ndoo na matambara. Tulizifunika kwa rangi alama za maji ukutani. Tuliazima mazulia. Wageni walifika, wakasifu, kisha wakaandika kwamba hawakuona dalili yoyote ya mafuriko. Fedha tukanyimwa, tukapewa cheti cha usafi. Bado kimetundikwa pale mapokezi, nusu yake ya chini imeliwa na chumvi.

Mwaka jana, mtu wa itifaki akiwa likizo, Mama Mabuti aliombwa kupanga tarehe ya ziara. Akaangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, akachagua siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote. Asubuhi hiyo mkurugenzi alimwonya: "Mama, leo hayo mabuti yaache nje, utatuaibisha." Akajibu, "Nimekusikia, mwanangu," akaingia nayo.

Sakafu tulikuwa tumeipiga deki mpaka inang'aa. Mkurugenzi akaanza hotuba ndefu, na kiongozi wa wageni akavua viatu chini ya meza, kama wafanyavyo wakubwa wakichoka. Maji yakaingia bila kupiga hodi. Mkurugenzi aliendelea kusoma huku akipanda juu ya kiti taratibu, kama mtu anayejinyoosha tu.

Hatimaye mgeni aliuliza kwa upole kama kuna aliyeona kiatu chake.

"Kimepita masijala, mheshimiwa," mfagizi wetu akamjibu. "Na mwenzake yuko nyuma anakifuata."

Mama Mabuti akavifuata, chapa, chapa, akavirudisha kwa mikono miwili. Mgeni akamwaga maji yaliyokuwamo, akauliza kama huwa hivi siku zote.

"Leo afadhali, baba," Mama akasema. "Leo tumepiga deki."

Ufadhili uliidhinishwa kabla ya mwaka kwisha.

Mama, asante kwa kutufundisha kuiacha sakafu yetu ionekane ilivyo. Tunakuombea siha, usingizi mtamu, na wajukuu wanaoamka wakazikuta ndala zao chini ya vitanda vyao wenyewe.

Sasa mpango unahitaji mtu wa kuuandika, na chumba cha Mama hakigombewi. Mimi nilikuwa nimeomba uhamisho kwenda ofisi ya mlimani, yenye zulia lake yenyewe. Jumatatu niliyafuta maombi hayo, nikaishusha meza yangu ghorofa ya chini. Mabuti ameniachia. Yananipwaya, kwa hiyo nimeyajaza magazeti.