Masinde na Mkebe wa Jioni

Bwana Dishon Masinde anastaafu tarehe 30 Juni 1989, baada ya miaka ishirini na tatu katika chama chetu cha maziwa hapa Mukurweini. Nimeambiwa mimi Ngatia, mpimaji, niandike, kwa sababu hakuna anayemjua kunishinda. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mizani haijawahi kunidanganya. Uliza yeyote.

Alikuja kutoka Bungoma akiwa karani kijana asiyejua hata ladha ya irio, chakula chetu cha viazi na mahindi. Siku hizi usimwachie sufuria. Kompyuta ilipoletwa, yeye ndiye alipelekwa Nairobi kusomea, akarudi kutuandikia programu ya kuhesabu maziwa.

Basi mwaka juzi maziwa ya jioni yakaanza kupungua kwenye hesabu. Asubuhi tunatumia mkebe mkubwa, jioni mdogo, na mashine inaondoa uzito wa mkebe mtupu ili yabaki maziwa tu. Mama Kagure akasimama mbele ya foleni: "Masinde, hiyo ng'ombe yako ya chuma inakunywa kuliko ndama!" Watu wakacheka, lakini kwa hasira. Kamati ikasema ifikapo Ijumaa mashine irudishwe, na Masinde aende nayo.

Wengine walisema ati mimi ndiye nimekosea. Mimi! Nikapima tena mbele yao, uzito ule ule. Masinde hakubishana. Alisema kama Ngatia hakukosea, basi kosa ni lake, akaingia kulitafuta.

Akalipata. Sehemu ya programu ya asubuhi na ile ya jioni zote zilikuwa na jina MKEBE, jina la wazi linalofikiwa na programu nzima. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yake yawe ya mashine, ilikuwa na desturi ya kuyapa majina kama hayo nafasi moja tu ya kumbukumbu, kimyakimya. Mkebe mkubwa ukawa unalala juu ya mdogo, na maziwa ya jioni yakaondolewa uzito wa ule mkubwa! Akaiamuru kompaila kila jina lipewe nafasi yake. Hapo hapo mashine ikagoma kuunganisha sehemu hizo mbili, ikataja MKEBE kuwa jina lililorudiwa. Akafungia kila mkebe ndani ya sehemu yake. Mimi hata nyumbani sichanganyi mikebe, lakini nakubali, hiyo ya ndani ya mashine singeiona.

Alhamisi jioni nilipima, yeye akasoma. Maziwa ya Mama Kagure yalitimia. Mashine ikabaki, na Masinde akabaki.

Asante, ndugu yetu. Mama Kagure amenipa mkebe mdogo nikuletee, umejaa mpaka shingoni. Nimeupima mwenyewe, usibishe. Kunywa ukiwa njiani, ufike Bungoma na afya, na uzee wako usipunguzwe hata tone.