Mama Estella na Maji Asiyoyaamini

Ijumaa hii, tarehe 27 Machi 2026, Mama Estella Nimbona anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya bahari kuu kwa miaka ishirini na sita. Mkurugenzi wetu, Dkt. Constance, ameandika wasifu wake kwa Kiingereza, wenye tafiti zote na safari zote. Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa kazini tumeombwa tuandike wa kwetu, na nimepewa mimi, niliyeanza kuosha chupa mwezi Januari baada ya kumaliza shule. Mama Estella alipopata habari aliuliza ni nani aliyenituma, nani atausoma kabla haujachapwa, na kwa nini mimi. Alinitazama mikono, kisha akasema sawa, ila nisiandike jambo lolote nililoambiwa na mtu mmoja tu.

Alizaliwa Uvira, akasomea kemia Bujumbura, akafika Durban mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwanzoni alikuwa akilinda magari ya watu kwenye maegesho ya South Beach, vyeti vyake vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya koti. Anasema kazi ile ndiyo iliyomfundisha kumwangalia mtu mikono kwanza na uso baadaye. Maabara ilimwajiri kama msaidizi. Baadaye akawa fundi, na hatimaye mkuu wa chumba safi, ambamo chupa za maji ya bahari hufunguliwa, cheo alichonacho hadi leo. Karibu kila anayejua kufungua chupa ya maji ya kina hapa kwetu amefundishwa na yeye, na kila mmoja amewahi kutolewa nje ya chumba angalau mara moja.

Kwa wageni watakaokuja kwenye sherehe, naomba nieleze kidogo tunachofanya. Meli ya utafiti hushusha chupa hadi karibu na sakafu ya bahari, kilomita kadhaa chini, mahali ambapo jua halifiki kabisa. Huko nako kuna uhai. Viumbe wengine hukaa kando ya chemchemi za moto zinazotoka kwenye sakafu, na chakula chao huanzia kwenye kemikali za maji yale, si kwenye mwanga. Ili kujua wanaishije tunapima metali zilizomo ndani ya maji, kama chuma na zinki. Kiasi chake ni kidogo mno, kama punje chache za sukari ndani ya bwawa zima la kuogelea. Kwa hiyo hereni, kutu ya ngazi ya meli au poda ya kwapani inaweza kuharibu kazi ya safari nzima.

Ndiyo maana Mama Estella haamini kitu. Haiamini lifti yetu tangu siku ilipofunguka yenyewe bila mtu kuiita. Taa ya barabarani, ile tunayoiita robot hapa Durban, ikiwaka kijani, bado humtazama dereva usoni mpaka dereva aone aibu. Chakula chake kwenye friji ya ofisi hukifunga kwa utepe, na utepe huo una alama anayoijua mwenyewe. Mgeni mmoja mashuhuri alipotembelea chumba safi alivuliwa pete, saa na mkanda, akabaki ameshika suruali kwa mkono mmoja huku akielezwa habari za zinki. Sherehe hii ilipangwa iwe ya kushtukiza. Aliigundua kabla hata ukumbi haujapatikana, kwa sababu Dominiki, anayesafisha sakafu, alimsalimia kwa uchangamfu kupita kawaida.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka jana. Nilitaka kuliacha. Mama Estella alisema nikiliacha hatakuja kwenye sherehe yake. Mimi wakati huo nilikuwa bado shuleni, kwa hiyo nimewauliza yeye, fundi mwenzake Glody na Dkt. Constance, kila mmoja peke yake, kama alivyoagiza. Hadithi zao zimelingana, jambo ambalo lilimpa Mama Estella shaka kidogo.

Kila safari ya meli hubeba chupa moja tunayoiita chupa shahidi. Inajazwa maji safi kabisa hapa maabara, inakwenda baharini pamoja na nyingine, inarudi nazo, na inafunguliwa siku moja nazo. Maji ya bahari yakionyesha metali nyingi na chupa shahidi ikabaki safi, tunajua metali imetoka baharini. Chupa shahidi ikiwa chafu, tunajua uchafu ni wetu.

Mwaka jana meli ilirudi na maji kutoka mahali ambapo hatukuwahi kupima. Mama Estella alizifungua mwenyewe chupa zote za kina kirefu, kwa kuwa hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote. Chupa za juu, pamoja na chupa shahidi, alimwachia Glody, fundi kijana kutoka Bukavu. Majibu yalipotoka, maji ya juu yalikuwa ya kawaida, lakini maji ya chini kabisa yalikuwa na zinki nyingi ajabu. Chupa shahidi ilikuwa safi. Dkt. Constance aliona kitu kimoja tu: chemchemi ya moto isiyojulikana, inayomwaga metali majini, na viumbe wake pengine. Siku ya kutangaza ikapangwa, wageni wakaalikwa.

Mama Estella hakufurahi. Alisema matokeo mazuri namna ile hayaji kirahisi hivyo. Akaenda kuzitazama chupa zenyewe. Zote zilikuwa na chumvi nyeupe iliyokauka shingoni, isipokuwa chupa shahidi. Ile ilikuwa inang'aa kama iliyotoka dukani. Akahitimisha kwamba haikwenda baharini hata kidogo, kwamba Glody, aliyepewa kazi ya kuipeleka melini, aliisahau kabatini, na kwa hofu akaijaza asubuhi ile ile ya kufungua. Aliyasema hayo kwenye mkutano wa Jumatatu, mbele ya watu wote, Glody akiwa amekaa upande wa pili wa meza.

Glody alijieleza. Alisema aliifunga chupa ile kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kwa kumwogopa Mama Estella mwenyewe, ndiyo maana haikuguswa na chumvi. Watu walicheka kidogo. Mifuko ilikuwa imeshatupwa.

Kwetu hapa, kudanganya kwenye chupa shahidi si kosa la kuonywa. Mtu anaondoka. Na mkataba wa Glody ulikuwa unakaribia kwisha, na bila barua ya kazi alikuwa na wasiwasi hata na karatasi zake za ukaaji. Dkt. Constance alimtoa chumba safi akamweka kwenye karai la kuoshea chupa, mahali ninapofanya kazi mimi sasa, asubiri uamuzi. Maabara ikaharibika. Watu walianza kufunga droo zao kwa funguo. Mmoja alidai amemwona Glody akinong'ona na baharia kule Point, karibu na bandari, ilhali alikuwa amekwenda kunyolewa kwenye saluni ya Wakongo wenzake. Dominiki aliniambia, na Glody akakubali, kwamba siku hizo hata chai kila mtu alikuwa akijichemshia yake.

Lakini Mama Estella haamini hata shaka yake mwenyewe. Alijiuliza hivi: sawa, chupa shahidi ni ya uongo, lakini zinki je? Kama haikutoka baharini, imetoka kwa nani? Akaamua kuwapima wote waliokuwa wameingia chumba safi. Kila mmoja alivaa glavu mpya kama kawaida ya kazi, akachovya vidole kwenye kikombe cha maji safi, na maji yakapelekwa kwenye mashine. Ukweli, na yeye mwenyewe amesema niuandike, ni kwamba alikuwa anamtafuta Glody.

Vidole vya Dkt. Constance vilikuwa safi. Vya Dominiki pia. Vya Glody vilikuwa safi kuliko vyote. Mama Estella aliyapima maji ya Glody mara ya pili, kisha akabadilisha kikombe, akayapima tena. Hakuna kitu. Akaanza kukusanya vikombe ili waondoke.

Hapo Glody, ambaye tangu siku ya mkutano hakuwa ameongea naye, akasema taratibu, "Mama, iko mtu moja bado."

Mama Estella akauliza ni nani. Glody hakumnyooshea kidole. Aliitazama mikono ya Mama Estella tu.

Mama Estella alivaa glavu kama alivyofanya kwa miaka yote, akachovya. Mashine ikaonyesha zinki nyingi kuliko ile ya maji ya chini. Wote watatu walioniambia habari hii wanakumbuka kwamba alikaa kwenye kiti kirefu pale, akanusa vidole vyake, akasema neno moja: "Léonce."

Léonce ni mjukuu wake. Wakati ule alikuwa mchanga, anakaa na mama yake kwenye fleti ya bibi huko South Beach, na alikuwa na vipele vya nepi. Kila asubuhi kabla ya kuja kazini, bibi ndiye aliyemwogesha na kumpaka ile krimu nzito nyeupe ya watoto. Krimu ile imejaa zinki, na sabuni ya kawaida haiimalizi. Alipokuwa akivuta glavu mpya kwa vidole vile, krimu ilibaki kwa nje. Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba krimu hiyo ni marufuku. Tangazo lililoko mlangoni aliliandika yeye. Ila tangazo lile alikuwa analisoma kwa niaba ya watu wengine.

Kwa hiyo maji ya chini yalikuwa na zinki kwa sababu yalipita mikononi mwake, na chupa shahidi ilikuwa safi kwa sababu ilipita mikononi mwa Glody.

Hakusubiri Jumatatu. Alimwomba Dkt. Constance awaite watu wote mchana ule, kwenye meza ile ile. Akasimama, akasema, "Huyu kijana nilimwita mwongo mbele yenu. Chupa yake ndiyo peke yake ilikuwa inasema kweli." Halafu akaeleza habari ya krimu yote, hata rangi ya kopo lake. Dominiki anasema alitaka kucheka lakini aliona macho ya Glody, akaacha.

Tangazo la chemchemi lilifutwa, na Dkt. Constance alilazimika kuwapigia wageni simu mmoja mmoja. Glody alirudishwa chumba safi na mkataba wake ukaongezwa. Mama Estella alikwenda kwake Cato Manor siku ya Jumapili, na walichoongea huko wote wawili wamekataa kuniambia, hata nilipowauliza kila mmoja peke yake. Maji yaliyokuwa yamebaki ndani ya chupa za kina, ambayo glavu za Mama Estella hazikuyagusa, yalipimwa upya na Glody. Mama Estella alibaki nje ya kioo, mikono nyuma.

Zinki ilishuka karibu yote. Karibu, kwa sababu kule chini kabisa ilibaki nundu ndogo kwenye mchoro. Dkt. Constance anasema nundu ile ni mtikisiko wa mashine tu. Safari hii aliyekuwa hataki kutangaza ni yeye, na Mama Estella ndiye asiyekubali kwamba hakuna kitu. Hasemi ni chemchemi. Anasema haiamini, na kwake huo ni mwanzo wa kazi. Mwezi Mei meli inarudi mahali pale pale, na nafasi iliyokuwa yake kwenye safari hiyo ameomba apewe Glody.

Tangu siku ile chumba safi kina utaratibu mpya. Kila asubuhi, kabla ya chupa yoyote kufunguliwa, vidole vyote huchovywa na kupimwa, na mkuu wa chumba ndiye anayeanza. Nimemwona akifanya hivyo kila siku tangu nije, bila kumtazama mtu, kisha anasubiri namba itoke kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Wiki iliyopita alimkabidhi Glody ufunguo wa chumba safi. Siku hiyo hiyo alirudi mara mbili kutikisa kitasa.

Kwa niaba ya wote wanaosoma Kiswahili hapa, tunakushukuru, Mama. Tunakushukuru kwa kutufundisha kuosha chupa ambayo tayari ilikuwa safi, na kwa kusimama mbele ya ile meza wakati ungeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua ila mashine na wale wachache waliokuwepo. Zawadi yako ni ile chupa shahidi ya mwaka jana. Glody ameijaza maji mapya na kuifunga kwenye mifuko mitatu. Tunajua utayapima.

Meli ya Mei ikirudi, majibu ya ile nundu utaletewa South Beach siku hiyo hiyo, na kila mmoja wetu atakusimulia peke yake. Mpaka hapo pumzika na uwe na afya, Mama Estella. Mlee Léonce, na akipata vipele mpake krimu kadiri upendavyo. Kuanzia Jumatatu hakuna atakayekupima mikono.

Benedicta, chumba cha kuoshea chupa