Kinyama cha Juu ya Figo

Habari hii aliisimulia kwanza mama yangu mdogo, Agustina, Desemba 2021, wiki tatu baada ya kutokea. Alikuwa akiuza kahawa kijijini Issenye, Serengeti, mbele ya benchi la Deus, fundi baiskeli, ambaye kijiweni aliitwa Spana. Kisyeri wa bodaboda aliitwa Mwendokasi. Mzee Sadock aliitwa Katiba, kwa kuwa hakuna jambo ambalo hakuwa na kifungu chake. Asubuhi hiyo walimjadili Raphael, mfugaji, naye amekaa hapohapo katikati yao. Kwa miezi minane alikuwa akikonda, amekuwa mweusi hadi ufizi, akisimama anaona kizunguzungu, na alikuwa akilamba chumvi ya ng'ombe. Katiba alikwisha kupanga: mchana huo angempeleka kwa mganga, akatapishwe.

Spana: Raphael, toa kilichomo mfukoni.

Raphael: Niache bwana.

Spana: Mmeona? Bonge zima la chumvi! Na ng'ombe wanalamba nini?

Raphael: Tunagawana.

Mwendokasi: Mimi nasema huyu mbio zimemwishia. Mwaka juzi si alifukuzwa na tembo, akaruka uzio wa michongoma kama swala? Leo kizingiti cha duka kinamshinda. Alizitumia zote siku ile.

Katiba: Ndiyo maana wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Raphael: Sasa tata, mzee wangu, ningemngoja tembo?

Katiba: Ungeenda taratibu.

Spana: Hii ni panchari. Chumvi inaingia juu, inatokea chini. Ukipiga pampu bila kuziba tundu, unajaza dunia upepo.

Mwendokasi: Au tumtafutie tembo mwingine. Pikipiki ikikataa kuwaka, si unaisukuma?

Katiba: Acheni utoto. Weusi huu si wa jua, jua halifiki kwenye ufizi. Amelishwa kitu, atapike kitoke.

Hapo alifika Theodosia, muuguzi aliyehamishiwa kwetu mwezi ule kutoka Ruvuma. Mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa umelegea. Alimtazama Raphael kwa muda, akatazama na viganja vyake.

Theodosia: Shikamoo mzee.

Katiba: Marahaba, mwanangu.

Theodosia: Umeshachinja mbuzi?

Katiba: Harusi zote za hapa, kisu ni changu.

Theodosia: Juu ya figo, ndani ya yale mafuta, huwa kuna nini?

Katiba: Kuna kinyama kidogo. Tunawatupia mbwa.

Theodosia: Na wewe unavyo viwili. Vinatengeneza homoni na kuzimimina kwenye damu. Moja ndiyo iliyomrusha Raphael juu ya michongoma. Nyingine inazuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Nyingine inaubeba mwili siku ya njaa na siku ya homa.

Spana: Panchari! Nilisema mimi!

Mwendokasi: Kwa hiyo tembo hana kosa?

Theodosia: Hana. Mbio haziishi kwa kukimbia mara moja. Lakini vinyama vyenyewe vinaweza kuharibika.

Katiba: Vya huyu vimeharibika?

Theodosia: Sijui, sijampima. Ninachojua ni kwamba mtu aliye hivi mkimtapisha, maji na chumvi iliyobaki vinatoka, na anaweza kufa mikononi mwenu. Hospitali walisemaje?

Spana aliinamia mnyororo. Mwendokasi alimtazama Katiba, Katiba akaitazama kahawa yake. Miezi minane, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyempeleka.

Katiba: Kisyeri, washa pikipiki.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Walimpakia Raphael katikati, Theodosia nyuma akimshika kiunoni, wakaelekea hospitali, mjini Mugumu.

Mzee Sadock alifariki Machi 2023. Mama mdogo Agustina alifariki mwaka uliofuata. Deus na Kisyeri wako hai. Theodosia alihamishwa tena, na mara ya mwisho nilisikia ni mzima. Raphael yu hai, na kila asubuhi humeza vidonge vya homoni ambazo vinyama vyake haviwezi tena kuzitengeneza, kabla ya kufungua zizi.