Adhiambo Atangoja Jumanne

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu na akili zangu timamu, na hilo peke yake ni muujiza.

Mnanijua. Mimi ni Mama Oti, nauza mitumba katika soko la Muthurwa, naishi hapa Dandora. Wengi wenu tulimzika pamoja mdogo wangu Adhiambo, aliyekufa kwa ule ugonjwa tuliokataa kuutaja. Ila hamkujua kwamba nilimtoa chumbani nikamlaza kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kwa kuwa majirani waliogopa kikohozi chake. Hata kikombe nilimtengea, nikakitia alama nyekundu kwa rangi ya kucha. Alifia kule kibandani mchana, mimi nikiwa sokoni.

Baada ya mazishi chakula kilinishinda. Mchungaji akanipeleka zahanati ya kanisa kwa mshauri, nesi mstaafu tunayemwita Sista. Tukapanga kila Jumanne, saa nzima.

Ndugu zangu, hapo nikafanya kosa letu sisi watu wa ushirika. Tumezoea kwamba anayeungama nusu hajaungama. Basi niliketi mbele ya Sista nikamwaga yote bila kupumua, mpaka saa ikaisha. Kisha nikatoka nje juani, mbichi kama kidonda kilichobanduliwa bandeji.

Jumanne ya kwanza nilisikia kikohozi cha Adhiambo sokoni, katikati ya kelele za wauzaji. Nikageuka. Hakuna mtu. Jumanne ya pili kilikuwa langoni pa ploti tunayoishi. Ya tatu, nyuma ya mabati ya kile kibanda, palepale. Kila nilipoongea zaidi, alisogea zaidi!

Jumanne ya nne nilikuta kile kikombe juu ya meza. Nilikuwa nimekifungia sandukuni. Kilikuwa kimelowa.

Jirani yangu Mama Nyambura akachungulia mlangoni akicheka. "Mama Oti, mgeni wako anakohoa hivyo na humpi hata chai? Wewe ni mchoyo aje!"

Sikuwa na mgeni.

Niliapa sitarudi kwa Sista. Lakini Jumanne iliyofuata nikaona ni vibaya kumtoroka mtu mzima bila kuaga. Nikaenda, nikasimama mlangoni na mkoba begani.

"Sista, nimekuja kukuaga. Huku kuongea kunanimaliza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Niliona nikisema nimechoka, nitakuwa ninaficha dhambi."

Akavua miwani, akanitazama. "Mama Oti, mimi ni nesi. Umewahi kuniona nikimdunga mgonjwa dozi ya mwezi mzima siku moja? Keti. Leo hatumzungumzii Adhiambo. Niambie, sukuma wiki unapikaje?"

Ndugu zangu, nililia kwa sababu ya sukuma wiki!

Tulikubaliana hivi. Nikilemewa, nainua mkono, tunanyamaza. Robo saa ya mwisho tunaongea mambo ya kawaida, nyayo zangu zikiwa sakafuni, mpaka moyo utulie. Kisha Sista anatia daftari anamoandika maneno yangu kwenye droo, anafunga kwa ufunguo, nami nasema kwa sauti: "Yaliyobaki, Jumanne."

Siku hiyo nilipofika nyumbani kikohozi kilikuja, karibu kabisa, kando ya kiti nilichokalia. Nikaita jina la Yesu. Halafu nikasema, taratibu, "Adhiambo, tutaongea Jumanne." Sijui kama nilikosea, mtanisamehe. Kikohozi kikanyamaza. Jioni ile nilikula ugali wote.

Sijamaliza safari. Kuna neno aliloniambia asubuhi ile ya mwisho, nilipompelekea uji kibandani. Sista bado hajalisikia. Ninyi pia hamtalisikia leo, na Mungu hanikasirikii, kwa maana Yeye mwenyewe hakuumba dunia kwa siku moja.

Wewe uliyeacha kwenda kwa mshauri wako kwa hofu, rudi. Inua mkono. Sema imetosha kwa leo. Mwamini Bwana, anajua kungoja.

Kile kikombe sasa ndicho ninachonywea chai. Asante, Yesu! Na kama kuna anayesikia mtu akikohoa huko nyuma ya mabati ya kanisa hili, asiogope. Leo ni Jumapili. Anajua siku yetu.